Mteja amekiri usiku wa kuamkia siku ya kupanda kizimbani: wakili wangu ashike njia ipi?

Kalamu ya Usiku

Habari zenu wakuu. Nina riwaya ya mahakamani iliyonikwamia sura ya kumi na nne, mwezi wa pili huu sijaongeza hata ukurasa. Wakili wa utetezi, mwanamke aliyekaa miaka ishirini kwenye kazi, anamtetea mtu anayeshtakiwa kumuua mshirika wake wa biashara. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka ni mzee mlinzi aliyesema alimwona mshtakiwa akitoka getini. Wakili amemhoji mpaka mzee kachanganya saa, kachanganya rangi ya shati, kashuka kizimbani ameinamisha kichwa. Usiku uleule mteja anamwambia wakili: "Yule mzee kasema kweli. Ni mimi." Na kesho yake mteja huyo ndiye wa kupanda kuapa kwamba hakuwepo.

Naona njia tatu. Ajitoe kwenye kesi. Au abaki na siri yake na amalize kazi. Au avunje siri, aende kwa mwendesha mashtaka. Mimi navutwa na ya tatu kwa kuwa ndiyo yenye kishindo. Nipimieni.

Wakili Mstaafu

Ndugu, nimefanya utetezi miaka mingi, na nakuomba ya tatu uiache. Sisemi hivyo kwa kulinda taaluma. Ukiifuata, riwaya yako itakufia mkononi. Mteja alichomwambia wakili wake kwa siri hakigeuki ushahidi kwa sababu tu wakili ameamua kukitoboa. Kitakachotokea ni kesi kuvurugika, wakili kufutwa kwenye orodha, na muuaji kupata hoja nono ya kudai kwamba hakutendewa haki. Msomaji aliyesubiri haki ataona mlango umefunguliwa kwa mkosaji. Hicho kishindo unachokitafuta kinamwokoa mteja wako.

Ya kwanza nayo inaonekana safi ukiwa mbali. Katikati ya kesi huondoki tu, unaomba ruhusa. Jaji atauliza sababu, na wewe huwezi kuisema. Unabaki na maneno makavu: "sababu za kitaaluma." Jaji mzoefu ataelewa, na anaweza kukukatalia. Akikuruhusu, mteja atatafuta wakili mwingine, na safari hii amekwisha kujifunza: hatamwambia kitu. Kwa hiyo wakili anayejua ameondoka, kaja asiyejua, na uongo utapanda kizimbani ukiwa umetulia zaidi.

Jambo lako limewahi kutokea karibu hivyohivyo. Mwaka 1840 mjini London, mtumishi wa ndani aliyeitwa François Courvoisier alishtakiwa kumuua bwana wake, Lord William Russell, aliyekutwa kitandani amekatwa koo. Kesi ikiwa inaendelea Old Bailey, mahakama kuu ya jinai mjini humo, vyombo vya fedha vilivyoibwa nyumbani kwa marehemu vikapatikana. Mshtakiwa akamwambia wakili wake, Charles Phillips, kwamba ameua kweli, lakini anataka atetewe mpaka mwisho. Phillips akaenda kuomba ushauri kwa Jaji Parke, aliyekuwa ameketi mahakamani humo, akajibiwa kwamba kama mteja bado anamtaka, hana budi kubaki na kutumia kila hoja halali itokanayo na ushahidi. Akabaki. Courvoisier alitiwa hatiani na kunyongwa Julai mwaka huohuo. Phillips aliandamwa miaka mingi baadaye, akituhumiwa kwamba hotuba yake iliwatupia shaka watumishi wenzake Courvoisier wasio na hatia. Hapo ndipo pa kuchimba.

Mama Tumaini

Nakusoma Wakili Mstaafu, na heshima yako iko palepale, ila mnaongea kana kwamba kesi ina watu watatu tu: wakili, mteja na jaji. Aliyeuawa ana watu wake.

Mwaka 1973 huko New York, Robert Garrow aliwaeleza mawakili wake, Frank Armani na Francis Belge, mahali alipoficha miili ya wasichana wawili. Wakaenda, wakaiona, wakapiga picha, wakanyamaza. Baba wa mmoja wa wasichana akaja kuuliza kama wanajua lolote, na hakuambiwa. Siri ilitoka 1974 mahakamani, pale utetezi ulipotaka kuonyesha kwamba Garrow alikuwa na ugonjwa wa akili. Belge alishtakiwa chini ya sheria ya afya kwa kutotoa taarifa ya kifo, shtaka likafutwa 1975. Mahakama iliona wajibu wa kutunza siri ulikuwa mzito kuliko wa kutoa taarifa.

Mimi ni mzazi. Ukichagua ya pili, nataka nimwone mzazi huyo akiingia ofisini, akae, anywe maji, atoke. Usiruke mahali hapo kwa aya moja.

Bahari Saba

Swali dogo kwa mwandishi: kesi iko nchi gani? Bila hilo hakuna wa kukushauri.

Kalamu ya Usiku

Nilidhani naweza kuacha nchi bila jina, Bahari Saba. Nchi yoyote yenye jaji na juri, yaani wale raia wanaoteuliwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia.

Bahari Saba

Huwezi, na nitakuonyesha kwa nini, maana hapo ndipo njia yako ya pili inapogawanyika.

Uingereza, wakili ambaye mteja wake amemkiria anaweza kuendelea na kesi, ila mikono yake imefungwa nusu. Anaweza kupima ushahidi wa mashtaka, kuonyesha mianya, kuwaambia juri kwamba haujatosha. Hawezi kudai kwamba mteja hakuwepo, hawezi kumsingizia mtu mwingine, hawezi kumpandisha kizimbani akijua anakwenda kudanganya. Basi mteja anyamaze? Tangu sheria ya mwaka 1994, ukimya wa mshtakiwa kizimbani unaweza kuwafanya juri wamfikirie vibaya. Kila mlango una mwiba.

Marekani mambo ni mengine. Tangu 1965, mwendesha mashtaka haruhusiwi kuufanya ukimya wa mshtakiwa kuwa hoja dhidi yake. Lakini mshtakiwa akishikilia kusema, ana haki hiyo. Sasa wakili anayejua uongo unakuja afanyeje? Katika kesi ya Nix dhidi ya Whiteside, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1986, mshtakiwa wa Iowa alitaka kuongeza kwamba aliona kitu cha chuma mkononi mwa marehemu. Wakili akamwonya: ukisema hivyo, nitaiarifu mahakama. Mshtakiwa akaacha, akafungwa, akalalamika kwamba amenyimwa utetezi wa haki. Mahakama ikakataa: haki ya kuwa na wakili haibebi haki ya kusaidiwa kudanganya.

Kwa taharuki ningechagua Marekani. Usiku wa maungamo unazaa palepale ugomvi wa pili: "Kesho usipande." "Nitapanda." Wewe andika hayo mazungumzo tu, sura imekwisha.

Shaban wa Vitabu

Kuna njia ya nne hamjaitaja. Wakili asimame mwenyewe awaambie juri kwamba mteja kaua, ili aombe wasimhukumu kifo.

Wakili Mstaafu

Bila ridhaa ya mteja hapana, Shaban. Wakili mmoja wa Louisiana alifanya hivyo huku mteja akipinga waziwazi, na mteja akahukumiwa kifo vilevile. Mwaka 2018, katika McCoy dhidi ya Louisiana, Mahakama ya Juu ikaamuru kesi isikilizwe upya, majaji sita kwa watatu. Kukubali au kukana kosa ni uamuzi wa mshtakiwa.

Njiwa

Nimewafuata kimya tangu mwanzo. Naona wote mnapima njia tatu juu ya ungamo lisilo zito vya kutosha. Mteja kukiri kosa analoshtakiwa nalo kunamwumiza wakili, lakini bado anaweza kujiambia kwamba kazi ya kuthibitisha ni ya mashtaka, na atalala. Mbadilishie ungamo. Akiri kosa jingine, ambalo mtu mwingine kafungwa kwa ajili yake.

Sibuni. Chicago, mwaka 1982, Andrew Wilson aliwakubalia mawakili wake, Dale Coventry na Jamie Kunz, kwamba yeye ndiye aliyemuua mlinzi wa mgahawa, kosa ambalo Alton Logan alikuwa ameshikwa nalo. Wakaandika hati ya kiapo, wakaifungia ndani ya sanduku la chuma. Logan alipofikishwa kwenye adhabu, juri kumi walitaka afe na wawili wakakataa, akapata kifungo cha maisha. Wilson aliruhusu siri itolewe akishakufa tu. Alikufa 2007, sanduku likafunguliwa, Logan akatoka 2008. Miaka 26.

Fikiria wakili aliyeamka kila asubuhi ya miaka hiyo. Kujitoa kusingemsaidia, kwa sababu siri inamfuata mpaka nyumbani. Massachusetts ina kanuni inayomruhusu wakili kutoa siri ili kuzuia mtu asiye na hatia kufungwa. Sehemu nyingi za Marekani ruhusa ni ya kuzuia kifo au madhara makubwa mwilini, basi. Maana yake wale mawakili wangekuwa na pa kushika kama juri wangesema afe. Waliposema aishi, mlango ukafungwa.

Kalamu ya Usiku

Njiwa, hilo sanduku limenikosesha usingizi. Nimefikiria usiku kucha na nasita kulichukua, kwa sababu kitabu changu kilianza na yule mzee mlinzi na sitaki kumwacha. Nimeamua: Marekani, njia ya pili, na mteja asipande. Ya tatu nimeifuta kabisa. Kilichobaki ni hotuba ya mwisho. Wakili Mstaafu, anaruhusiwa kumtaja mzee?

Wakili Mstaafu

Anaruhusiwa, na hapo ndipo kalamu yako itapimwa. "Shahidi huyu alishindwa kukumbuka saa, je, mnaweza kumfunga mtu kwa kumbukumbu hii?" Hiyo ni halali. "Shahidi huyu hakumwona mteja wangu." Hiyo ni kuidanganya mahakama. Sentensi zinakaribiana sana, na juri hawatasikia tofauti. Yeye ataisikia. Muandikie rasimu ya kwanza yenye ile ya pili, kisha aikate kwa mkono wake.

Mama Tumaini

Na mzee mwenyewe awepo ukumbini siku hiyo, tafadhali. Yeye ndiye aliyeapa na kusema kweli, na ametoka pale watu wakimwona mwongo. Mpe kiti cha nyuma, avae lile shati alilovaa siku ya ushahidi, na wakili akigeuka kurudi kwenye meza yake wakutane macho.

Kalamu ya Usiku

Nimeanza kuiandika, Mama. Amekaa karibu na mlango, kofia iko magotini.