Naomba ushauri: kupanga picha za milango ya Mji Mkongwe

Ndugu wanajamvi, ninapiga picha za milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, Unguja, kwa simu, na naomba ushauri wa wazoefu. Kanuni ya theluthi (kuigawa picha sehemu tatu sawa, kwa wima na kwa ulalo) naielewa: nimewasha mistari ya gridi, na mpita njia humweka kwenye makutano ya mistari hiyo, nikimwachia nafasi upande anaoelekea. Kinachonitatiza ni mlango wenyewe. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba siwezi kurudi nyuma, na nikielekeza simu juu ili nipate kizingiti cha juu, ambacho mara nyingi ndicho chenye maandishi ya Kiarabu na kwa maoni yangu hakifai kukatwa kamwe, miimo (nguzo za kando za mlango) huonekana kukaribiana kwa juu na mlango kama unaanguka nyuma.

Je, ni afadhali nishike simu wima kabisa nikiwa nimesimama juu ya baraza ya nyumba inayotazamana nao, au nitumie lenzi pana kisha niinyooshe picha baadaye? Na kwa kuwa mfaa (mti wa wima wa katikati) huugawa mlango pande mbili zinazolingana, je, hapo theluthi iachwe na mlango ukae katikati?

Natanguliza shukrani.