Siku moja Nürnberg nikitokea Munich, nianzie wapi?

Msafiri_Tanga
Wakuu habari zenu. Niko Munich kwa kozi fupi na Jumamosi sina kipindi, nataka niende Nürnberg na kurudi siku hiyohiyo. Nikiuliza watu huyu ananiambia ngome, yule makumbusho, mwingine uwanja wa mikutano ya Hitler, sasa kwa siku moja si nitakuwa nakimbizana tu? Napenda historia kweli, sio picha za kuposti. Alafu mimi Muislamu, misosi ya huko inakuwaje?

Mzee_wa_Reli
Mkuu kata Bayern-Ticket, unapanda treni zote za mkoa siku nzima na hata metro ya Nürnberg inakubali, ila ICE, zile treni za mwendo kasi, usiguse. Njiani kama saa moja na dakika 45 hivi. Ondoka mapema maana saa 6 kamili mchana lazima uwe umesimama Hauptmarkt, uwanja wa soko la mji mkongwe, mbele ya kanisa la Frauenkirche, uangalie juu kwenye saa. Kaizari Karl IV amekaa kwenye kiti, vijitu saba vinatoka vinamzunguka mara tatu, ndio wale wakuu waliothibitishiwa haki ya kuchagua mfalme kwenye hati ya 1356. Ikiisha watalii wanatawanyika, wewe baki kidogo. Hapo uliposimama palikuwa mtaa wa Mayahudi, na mwaka 1349 Karl huyohuyo aliruhusu ubomolewe, watu zaidi ya 500 wakauawa, kanisa likajengwa palepale palipokuwa na sinagogi lao. Mimi hiyo iliniuma sana aisee, soko linaendelea na maua yanauzwa.

Bi_Nassra
Ndugu yangu vile visoseji vidogo vya Nürnberg ni nguruwe, wanatia vitatu kwenye mkate wanauza kila kona, kaa navyo mbali. Kebabu za Waturuki hutakosa, uliza tu kama ni halali. Biskuti zao za Lebkuchen nazo tamu, zinanukia mdalasini na karafuu, soma pakiti ndio ununue.
Na ngome usiiache jamani! Kuna kisima kimechimbwa kwenye mwamba karibu mita 50, mtembezaji anashusha mishumaa kwa kamba mpaka inakuwa kinukta, kisha anamwaga maji mnanyamaza wote mnasubiri sauti. Ukiwa juu angalia mapaa ya mji mkongwe ukijua kwamba karibu wote ulibomolewa na mabomu ya tarehe 2 Januari 1945, wameujenga upya.

Kijenge_Juu
Natofautiana kidogo na Bi Nassra, ngome Ujerumani zimejaa, Saal 600, kile chumba cha mahakama walichohukumiwa wakubwa wa Nazi, iko moja. Panda metro ya U1 shuka kituo cha Bärenschanze. Ndani ya chumba hicho, kuanzia Novemba 1945 hadi Oktoba 1946, wakubwa 21 wa Nazi walikaa kizimbani na hedifoni masikioni, kesi inatafsiriwa papo hapo kwa lugha nne, hukumu ilipotoka 12 wakapewa kifo, mmoja wao hakuwepo hata mahakamani. Sisi wa Arusha hii inatuhusu, maana wakati ule mauaji ya kimbari hayakuwa kosa linalojitegemea kisheria, na mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo ilikuwa ile ya mauaji ya Rwanda iliyokaa kwetu pale AICC, jengo la mikutano la Arusha, kesi ya Akayesu aliyekuwa meya huko Rwanda, 1998. Nilipoingia Saal 600 nilikaa kwenye benchi muda mrefu sana nikiwafikiria mashahidi waliokuja Arusha.

Msafiri_Tanga
Kijenge umenimaliza, hapo lazima nifike. Na ule uwanja wa Hitler niufanyeje?

Mzee_wa_Reli
Uache. Uko nje ya mji mkongwe, ni mpana mno na unataka nusu siku yake. Saa kanisani, upate chakula, ngome, alafu Saal 600 uipe masaa mawili. Ila cheki tovuti yao kabla ya kutoka, kuna siku chumba chenyewe kinafungwa kwa shughuli, na njia ya ngomeni ni mlima wa mawe kwa hiyo vaa raba.