Naomba ushauri: mwanafunzi anasema msukumo wa maji hupungua kadiri kitu kinavyozama

Mwalimu wa Zamu:
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha fizikia kidato cha kwanza katika shule moja hapa Mtwara, ingawa chuoni nilisomea jiografia. Darasani nilieleza kwamba kanieneo ya maji, yaani jinsi maji yanavyokandamiza kila eneo, huongezeka kadiri unavyokwenda chini, na kwa sababu hiyo msukumo wa maji kuelekea juu nao huongezeka. Binti mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, akabisha mbele ya wenzake. Jumamosi nikapanda dau lao nikajionea: mizani ya springi ilisoma gramu 300 kitu kilipozama tu, na gramu 500 kilipofika pima tatu. Kitu kilivuta mizani zaidi, yaani msukumo wa kukibeba ulipungua! Kitabu nacho kinasema haubadiliki. Tuna majibu matatu, na Jumatatu mzazi anakuja shuleni. Nimweleze nini?

Nahodha Mstaafu:
Mwalimu, hayo tuliyajua bila kitabu. Jahazi likitoka baharini na kuingia mdomo wa Ruvuma huzama zaidi kidogo bila kuongezwa hata gunia moja la korosho, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito: lita 1,000 za maji ya bahari zina kilo 1,025 hivi, na za maji baridi zina kilo 1,000. Siku moja baharia mgeni alidhani tunavuja, akafua maji mpaka akachoka, na ngama, kule chini kabisa ndani ya jahazi, ilikuwa kavu.

Mama Korosho:
Mimi fizikia niliiacha zamani, lakini naona mzazi anaitwa shuleni kwa sababu mtoto amepima. Mtoto anayebisha kwa mizani hajakosa adabu, Mwalimu.

Fundi Kipimo:
Shikamoo Nahodha, lakini Mwalimu ameuliza habari za kina, si za chumvi. Mwalimu, umeruka hatua moja. Kanieneo inayosukuma kitu kutoka chini huongezeka, ni kweli, ila ile inayokikandamiza kutoka juu huongezeka pia. Chukua tofali lenye kimo cha sentimita 10: kanieneo ya upande wake wa chini huizidi ya upande wa juu kwa Paskali 1,000 hivi, liwe limezama mita moja au mita ishirini. Msukumo hutokana na tofauti hiyo, na ndiyo maana hulingana na uzito wa maji ambayo kitu kimeyahamisha, kama alivyoonyesha Archimedes wa Siracusa. Kwa hiyo vipimo vyenu vinanishangaza. Mlifunga nini kwenye kamba?

Mwalimu wa Zamu:
Kilikuwa kitu cha kawaida tu, sidhani kama kinabadilisha hoja.

Fundi Kipimo:
Hoja nzima imefungwa hapo hapo.

Mwalimu wa Zamu:
Ilikuwa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, yenye mchanga hadi theluthi mbili, na kifuniko kimekazwa.

Mzamiaji wa Lindi:
Sasa nimeelewa, kwa sababu mimi huzamia pweza. Pima mbili tu masikio yanauma mpaka nibane pua na kupuliza. Mwanzoni mwili wenyewe unataka kurudi juu na lazima nipige miguu, lakini nikipita pima sita hivi bahari huniachia nashuka bila kujitahidi. Wazee walituambia hapo ndipo pa kugeuzia.

Fundi Kipimo:
Mzamiaji amenimalizia kazi. Kanieneo ya angahewa ni karibu Paskali 100,000, na kila mita 10 za maji huongeza kiasi kama hicho. Pima tatu ni mita tano na nusu hivi, kwa hiyo hewa iliyomo katika chupa laini inaweza kubaki theluthi mbili ya ujazo wake wa awali. Chupa ikisinyaa huhamisha maji machache, na msukumo hupungua. Kitabu kinazungumzia kitu kisichosinyaa, kama jiwe.

Bwana Shaka:
Ndugu zangu, mnapigwa chenga. Gramu 300 na 500 ni namba zilizonyooka mno kwa mizani inayoyumba ndani ya dau, na mwalimu anayefunga safari baharini kwa ajili ya swali la mtoto simjui. Huyu ni mwanafunzi anayetaka kufanyiwa zoezi. Hebu aseme: chupa ilipovutwa juu ilikuwa imebonyea?

Mwalimu wa Zamu:
Hapana, ilikuwa na umbo lake kamili.

Bwana Shaka:
Mmeona? Amejikanyaga mwenyewe.

Fundi Kipimo:
Bwana Shaka, mtunzi wa hadithi ndiye angekujibu kwamba imebonyea. Maji yakiacha kuibana, hewa hutanuka na chupa hujaa tena. Mwalimu, itazame ubavuni.

Mwalimu wa Zamu:
Ninayo mkononi. Kuna mistari miwili myeupe kama ya plastiki iliyokunjwa, na kabla ya hapo haikuwepo. Namba nilizikadiria, kwa kuwa mshale ulikuwa unacheza.

Mama Korosho:
Na karatasi ya binti umeisahihishaje? Hilo hujalisema.

Mwalimu wa Zamu:
Lilikuwa swali la alama 10. Aliandika kwamba kwa jiwe msukumo haubadiliki, na kwa chupa yenye hewa hupungua. Nikampa sifuri. Eleweni kwamba mwongozo wa usahihishaji niliuandaa mwenyewe, alama zimeshasomwa darasani, na nikigeuka leo, kesho darasa zima litaleta mizani. Nilifikiria kumpa nusu, kwa kuwa swali halikutaja chupa.

Mzamiaji wa Lindi:
Kesho maji yakijaa, shusha jiwe kwanza, ndipo uzungumze habari za nusu.

Mwalimu wa Zamu:
Nimerudi. Jiwe limesoma vilevile juu na chini, mara tatu, na baba yake alikuwa ameshika kamba hana neno. Karatasi iko mezani hapa, na ile sifuri niliiandika kwa wino mwekundu, haifutiki.

Nahodha Mstaafu:
Usiifute, Mwalimu. Andika moja mbele yake.