Wanangu wawili, wote wa Tanga: nani anaweza kugombea urais wa Marekani?

Mama Wawili: Habari za humu, wakuu. Tuko Houston. Mkubwa nilimzaa Tanga 2011, baba yake akiwa na grini kadi tu. Mume akala kiapo cha uraia 2015, tukamfuata mimi na mtoto, naye sasa ana pasipoti ya Marekani. Mdogo nilirudi kujifungulia kwa mama, Tanga hiyohiyo, 2017, baba akiwa raia tayari. Ubalozi wa Marekani pale Dar ukamwandikia ripoti ya kuzaliwa nje, yaani ni raia tangu anazaliwa. Sasa mkubwa kang'ang'ania atakuwa rais, mwalimu kamwambia haiwezekani, na mdogo anamringia: "Mimi naweza!" Wodi ni moja! Nimwambie nini?

Mgosi wa Pangani: Mbona Obama baba yake Mkenya na kakaa Ikulu miaka minane? Mwalimu mbaguzi huyo.

Wakili Bila Joho: Mgosi, Obama kazaliwa Honolulu 1961, mama Mmarekani. Hayafanani kabisa.

Dada, tatizo si Tanga. Katiba yao inataka rais awe raia wa kuzaliwa, atimize miaka 35 na awe ameishi nchini miaka 14. Raia wa kuzaliwa ni nani, haikufafanua. Sheria ya 1790 iliwahesabu humo watoto wa raia waliozaliwa ng'ambo. Ya 1795 ikayaondoa maneno hayo, na wanasheria wanabishana mpaka leo. Wengi wao wanasema ni yule aliyekuwa raia tangu anazaliwa. Mdogo ndiye huyo, kupitia baba. Mkubwa uraia ulimkuta njiani: ni sheria inayowapa uraia watoto chini ya miaka 18 wenye grini kadi wanaoishi na mzazi raia. Kura atapiga, ila urais hapana, na umakamu pia hapana.

Kisiki: Mahakama ya Juu ilishaamua hilo?

Wakili Bila Joho: Haijawahi. Ila Ted Cruz, mzaliwa wa Calgary, mama Mmarekani, alishtakiwa Pennsylvania 2016 alipogombea urais na mahakama ikampitisha. John McCain naye, mgombea urais wa 2008, alizaliwa eneo la Mfereji wa Panama, na mwaka huohuo Seneti ikapitisha azimio la kumtambua kuwa raia wa kuzaliwa. Azimio tu lakini, si hukumu.

Mgosi wa Pangani: Basi mkubwa arudi agombee huku kwetu.

Wakili Bila Joho: Huku Tanzania urais ni miaka 40, na mtu mzima haruhusiwi uraia pacha. Achague. Abaki hukohuko autake ugavana: Schwarzenegger kazaliwa Austria na kaiongoza California. Useneti nao uko wazi, mradi awe raia miaka tisa na umri 30.

Mama Wawili: Shukrani sana. Gavana kalikubali, ila kauliza Texas ina ndege yake kama ya rais. Halafu, mkubwa ana pasipoti tu, cheti cha uraia hatujaomba. Inatosha?

Wakili Bila Joho: Kwa safari inatosha. Lakini pasipoti inaisha muda, cheti hakiishi. Jazeni fomu N-600 ya kuomba cheti hicho, na mtunze nakala ya cheti cha kiapo cha baba.