Vidonge vya kuelea tumboni, vyangu vinazama!

Ngamiani_Famasi: Habari za jioni wakuu. Niko Tanga namalizia projekti ya mwaka wa mwisho, vidonge vya metformini (dawa ya kisukari) 500 mg vya kuelea tumboni ili dawa itoke polepole kama masaa nane. Nimetumia HPMC K4M (unga unaovimba ukilowa), baikaboneti ya kutoa gesi na asidi sitriki, ile ndimu ya unga, kidogo. Siku nilipovikandamiza nilitia kimoja kwenye bika (glasi ya maabara) ya asidi 0.1 N nyuzi 37, kuigiza tumbo, dakika haijaisha kishapanda juu, nikafurahi nikaenda zangu sikukaa kuangalia zaidi. Leo siku ya tisa nimepima vilevile, vimekaa chini kama kokoto robo saa ndo vikapanda kivivu, saa ya pili vikapasuka. Nikatengeneza vingine nikaongeza baikaboneti, ndo balaa zaidi. Nimekosea wapi?

Dagaa_Pangani: kwahiyo dawa yenyewe waja leo waondoka leo 😂 ngoja wenye akili waje

Mama_Maabara: Mwanangu, ulivihifadhi wapi?

Ngamiani_Famasi: Bahasha ya kaki mama, kwenye droo

Mama_Maabara: Masika haya, Tanga, bahasha ya kaki! Chumvi ya mezani tu inalia maji humo kikoponi, sembuse baikaboneti iliyolala ubavuni mwa ndimu ya unga. Unyevu ukiingia zinaanza kuchemkiana hukohuko kwenye droo, gesi inaisha kabla ya siku ya kazi. Kidonge kinaelea kwasababu HPMC inavimba inakuwa utelezi kama wa bamia unanasa vile viputo, gesi isipokuwepo hilo ni jiwe tu. Sitriki itoe kabisa, asidi ya tumbo inatosha kuamsha baikaboneti. Weka kwenye chupa ya kifuniko cha kubana na vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu. Kupasuka ni kesi nyingine, metformini inayeyuka mno kwenye maji na K4M haiiwezi, jaribu HPMC nzito zaidi, K15M au K100M, na baikaboneti shusha usipandishe, gesi ikizidi ndo inapasua ule utelezi. Halafu usibane sana mashine, kikiwa kigumu maji yanachelewa kupenya.

Raskazone_Boi: Nyongeza kaka, usiiamini sana bika. Tumbo likiwa tupu kila saa moja na nusu mpaka mbili hivi linajipiga fagio, linasukuma mpaka kinachoelea, na metformini inafyonzwa zaidi sehemu ya juu ya utumbo mdogo, ikishapita hapo ndo imekwenda. Kwahiyo kimezwe baada ya kula na maji glasi nzima, na mtu asijilaze hapohapo

Ngamiani_Famasi: Nimefungua bahasha, vina vidoa na vimegandana na kaki 😩 kesho naenda kuomba vile vipakiti kwa wauza viatu

Mama_Maabara: Vya viatu vishashiba unyevu hivyo. Mimina zile punje kwenye trei, oveni nyuzi 120 masaa mawili, ndo utumie.

Dagaa_Pangani: oveni ya maabara lakini, sio ya mamako