Ushauri: Mzee wangu alikuwa dereva wa lori njia ya kusini, anataka nimsimamishe Ndundu "pale kwenye pantoni". Nianzie wapi?

Kijana wa Mbagala

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni.

Mzee wangu aliendesha malori Dar–Lindi–Mtwara tangu mwishoni mwa miaka ya 70 hadi anastaafu, daraja la Rufiji lilikuwa limeshafunguliwa. Kwenda saruji, sukari na mabati, kurudi korosho. Sasa ana sabini na kitu, magoti yamechoka ila kichwa kizima kabisa. Mwezi wa nane tuna harusi ya ndugu Lindi. Amesema basi hapandi, nimpeleke na kigari changu, na ni lazima tusimame Ndundu, kulikokuwa na pantoni ya kuvuka mto Rufiji, ale samaki.

Shida ni kwamba mimi njia ile nimeijua ikiwa lami. Naliona daraja, navuka, naendelea. Sijui pantoni ilikaa wapi, wala kama kuna hoteli hata moja ya enzi zile iliyobaki. La pili, natamani nimrekodi akisimulia. Lakini kila nikimuuliza "mzee, safari za zamani zilikuwaje?" ananijibu "zilikuwa ngumu", halafu anaomba rimoti.

Waliowahi kuifanya kazi hii, au wenye wazee wa namna hii, naombeni mwongozo.

Utingo Mstaafu

Mdogo wangu umenirudisha mbali. Nilikuwa utingo kwenye Scania 111, ile ya pua, kabla sijapewa usukani.

Hoteli za enzi hizo usizitafute, hazipo. Na hata zilipokuwepo hazikuwa majengo. Nguzo za miti, makuti juu, benchi, masufuria yamefunikwa kwa sinia. Zililetwa na foleni. Pantoni inabeba magari machache kwa mkupuo, ikiharibika injini mnalala, Rufiji ukijaa mnalala. Masika mtu anaweza kukaa hapo hadi nguo alizovaa zimfie mwilini. Sasa umati wote huo ungekula nini? Ndipo mama zetu wa Ikwiriri na vijiji vya jirani wakateremsha majiko: perege wa kukaanga, kambale wa nazi, wali, asubuhi chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Agosti 2003 daraja la Mkapa, hilo la Rufiji, likafunguliwa, karibu mita 970 za zege, foleni ikafa, na biashara ya kivukoni ikafa nayo. Waliokuwa na mtaji walihamia barabarani Ikwiriri, wengine walirudi shamba.

Kwa hiyo simama Ikwiriri, siyo darajani (darajani hawaruhusu, na ni hatari). Tafuta mtu wa makamo pale stendi, mwambie una mzee wa malori. Atawaonyesha pa kushukia mtoni.

Kobe Mwendapole

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Usimpeleke mtoni. Mtu amebeba picha ya mahali penye makelele, taa za karabai, watu mia wanagombania zamu, halafu unamwonyesha matete. Wa kwetu nilimpeleka sehemu kama hiyo, akanyamaza hadi tunafika nyumbani. Mpe samaki wake Ikwiriri muendelee na safari.

Binti Nangurukuru

Kobe, kunyamaza kwa mzee si lazima iwe huzuni. Ameomba mwenyewe, ana akili zake timamu, aende. Magoti ndiyo ya kuangalia, beba kiti cha plastiki kwenye buti.

Kuhusu samaki: wa mtoni kuleni Ikwiriri, wa baharini kuleni Somanga. Kwetu Nangurukuru mabasi yanasimama watu wapate kula, ila madereva wa malori wazee watakwambia kituo chao cha roho kilikuwa popote gari ilipozama.

Mzee wa Tela

Kijana, swali lako ndilo linalomfunga mdomo. "Zilikuwaje" ni swali la mwandishi wa habari. Dereva muulize vitu. Gari gani ulipewa kwanza? Mlikuwa mnabeba machepe mangapi? Utingo wako alikuwa nani, alilala wapi? Nani alikukopesha chakula kivukoni ukamlipa safari ya kurudi? Hilo la mwisho ndilo ufunguo, nakuhakikishia. Pale kila dereva alikuwa na mama wake. Si mapenzi, usinielewe vibaya, ni daftari. Posho ya safari ilihesabiwa kwa siku za barabara nzuri, na barabara nzuri haikuwepo. Ukikaa foleni hadi posho ikatike, unakula kwa jina. Ukilikimbia deni, safari ijayo habari imekutangulia na hakuna jiko litakalokupakulia, kuanzia Kibiti mpaka Mbwemkuru.

Halafu muulize kuhusu mwaka 1983, vita ya wahujumu uchumi, ule msako wa serikali kwa walanguzi na wanaoficha bidhaa. Sukari na sabuni zilikuwa dhahabu nchi nzima, na yeye anabeba sukari. Kila kizuizi turubai linafunuliwa. Kila mgahawa mtu anakuvuta pembeni, "dereva, huna hata kilo moja?" Atakwambia alikataa wote. Msikilize tu.

Na muulize kipande cha kuanzia Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60. Watu wa nje wanadhani pantoni ndiyo iliyokuwa kikwazo. Pantoni ilikuwa mapumziko! Ukishavuka ndipo unaingia kwenye ule udongo mweusi, lori linakaa hadi ekseli, mnachimba, mnakata miti mnatandika, mnatoka mita chache mnazama tena. Kipande hicho kilikuja kuwekwa lami miaka mingi baada ya daraja.

Sengerema Yetu

Sisi wa Kanda ya Ziwa haya ni ya juzi tu. Kivuko cha Kigongo–Busisi, Ziwa Victoria, tumepanga foleni hadi Juni 2025, daraja la JPM (Magufuli) lilipofunguliwa, kilomita tatu juu ya maji. Kabla ya hapo malori ya kwenda Geita na Bukoba yalilala pale, na kina mama walipita dirisha kwa dirisha na sato wa kukaanga, mayai, karanga. Daraja ni neema, mgonjwa hafii tena akisubiri kivuko. Ila mama niliyekuwa nakula kwake sasa simjui alipo.

Nakushauri ukimrekodi mzee, muulize bei na majina ya vyakula. Hivyo ndivyo vinavyopotea kwanza, daraja lina jiwe la msingi lakini jiko halina.

Chuma cha Reli

Usisahau kumuuliza na gesti 😂😂

Utingo Mstaafu

@Chuma cha Reli unacheka, lakini miaka ya 80 na 90 tulizika wengi wa njia ile, madereva, utingo na wahudumu. UKIMWI ulifuata foleni. Kijana, ukiona mzee anataja jina kisha analiruka, mwache aliruke. Na usiulize hayo mama yako akiwa kiti cha nyuma.

Jingine: muulize kuhusu simba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rufiji walikuwepo simba waliokula watu kadhaa. Sisi tuliozoea kutandika mkeka chini ya tela tulihamia juu ya mzigo.

Kijana wa Mbagala

Wakuu asanteni sana. Jana usiku nilimuuliza lile la Mzee wa Tela, nani alikuwa anamkopesha. Rimoti aliiweka mwenyewe. Kumbe kulikuwa na Bi mmoja mwenye jiko upande wa Ikwiriri, alimwuguza malaria foleni nzima, utingo akavusha gari peke yake, hana leseni! Mama naye alikuwa hajawahi kuisikia hiyo, akaacha kukata mboga. Sasa mzee anataka tumtafute huyo Bi au watoto wake. Jina kamili halikumbuki, anakumbuka jina la mtoto wa kwanza wa huyo Bi tu.

Binti Nangurukuru

Jina la mtoto wa kwanza linatosha, kwetu mama anaitwa kwa hilo. Msiende serikali ya mtaa kwanza, nendeni kwa wauza samaki wakongwe, wao wanajuana. Fikeni mapema asubuhi, mchana watu wako shamba. Mkimkuta yuko hai mpeni nafasi wakae wawili, wewe washa simu uiweke mezani usogee pembeni.

Mzee wa Tela

Na aende na kitu mkononi. Sukari kilo kadhaa na kitenge. Kama deni lilibaki, yeye analijua.

Kobe Mwendapole

Nimebadili msimamo, mpeleke. Kasoro moja: mwezi wa nane kutakuwa kukavu, hataona ule mto anaoukumbuka. Mkiwa Somanga mwambie yaliyotokea 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara pale, malori na mabasi yakalala huku na huku. Nilikuwepo. Siku ya pili tu majiko yalishatokea pembeni ya foleni, wali maharage na samaki, sijui walitokea wapi. Atafurahi kusikia, na nina hakika atakuuliza sahani ilikuwa shilingi ngapi.