Bunge la Texas limeipongeza bendi ya shule yetu. Mbona sheria ya umbali wa kuipita baiskeli haipiti?

MamaNeema_Houston

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kwa wale wanaolifahamu Bunge la jimbo la Texas. Mwanangu wa miaka 15 anapiga tarumbeta katika bendi ya gwaride ya sekondari moja nje kidogo ya Houston. Watoto hawa huanza mazoezi Agosti, wakati joto la hapa halivumiliki, na mwaka juzi jitihada zao ziliwafikisha kwenye mashindano ya jimbo katika uwanja wa Alamodome, San Antonio. Katika kikao cha mwaka 2025 Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kuwapongeza, na nakala yake imetundikwa ukumbini shuleni. Nililia nilipoisoma, kwa sababu sikutarajia kwamba kazi ya mtoto wangu ingetajwa katika Bunge la jimbo nililohamia nikiwa mtu mzima.

Lakini mtoto huyohuyo hurudi nyumbani kwa baiskeli baada ya mazoezi, tarumbeta ikiwa mgongoni. Mwezi uliopita gari lilimpita karibu mno hata kioo cha pembeni kikaligusa kasha la tarumbeta. Hakuanguka, namshukuru Mungu. Nilipotafuta sheria, nikakuta kwamba majimbo mengi ya Marekani yanamtaka dereva aache angalau futi 3 anapoipita baiskeli, ila Texas haina kipimo hicho. Je, azimio la pongezi na mswada wa sheria vinatofautianaje, hata kimoja kipite kwa urahisi na kingine kishindikane? Na mzazi kama mimi, ambaye bado si raia, aanzie wapi?

Msomaji_wa_Sheria

Mama Neema, hongera kwa kijana, na pole kwa mshtuko huo. Azimio la pongezi ni tamko la baraza moja tu. Halimwamuru mtu kufanya lolote, halipelekwi kwa gavana, na kwa kawaida Wawakilishi huyakusanya maazimio ya namna hiyo katika orodha moja ya pongezi na rambirambi, kisha wakayapitisha kwa pamoja. Halina mpinzani kwa sababu halimgharimu mtu yeyote.

Mswada hupita njia nyingine kabisa. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida mara moja tu kila baada ya miaka miwili, Januari ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, kwa siku zisizozidi 140. Katika muda huo mswada lazima usikilizwe na kamati, upangiwe siku ya mjadala, upite katika Baraza lenye wajumbe 150 na Seneti yenye wajumbe 31, kisha umfikie gavana. Mingi hufa kwa kuishiwa muda tu, bila hata kupigiwa kura ya kuikataa.

Huo wa baiskeli uliwahi kufika mwisho wa safari. Mwaka 2009 mabaraza yote mawili yaliupitisha mswada wa Seneti namba 488, uliowasilishwa na Seneta Rodney Ellis wa Houston, ambaye mwenyewe ni mwendesha baiskeli. Gavana Rick Perry aliupinga kwa kura ya turufu, akisema kwamba wengi wa watumiaji wa barabara waliotajwa humo tayari walikuwa na kanuni zao katika sheria zilizopo. Kwa maoni yangu hoja hiyo haikutosha, kwa sababu sheria iliyopo humtaka dereva apite kwa «umbali salama» bila kutaja kipimo, na dereva aliyemgusa mtoto wako angeweza kudai kwamba kwake yeye umbali ule ulikuwa salama.

Kanyagio_Mbili

Naongeza jambo moja ambalo huenda ndilo muhimu zaidi kwako, dada yangu. Jiji la Houston lilipitisha sheria yake ndogo mwaka 2013: futi 3 kwa gari dogo, futi 6 kwa lori la biashara. Austin na San Antonio zilitangulia. Lakini umesema mnaishi nje ya Houston. Ukanda mkubwa wa Kaunti ya Harris haumo ndani ya mpaka wa mji wowote, ingawa anwani zake za posta huandikwa Houston au mji jirani wa Katy, na kaunti za Texas hazina mamlaka ya jumla ya kutunga sheria ndogo kama miji. Kwa hiyo mtoto anaweza kuvuka barabara moja tu akawa ametoka kwenye ulinzi wa futi 3. Ndiyo maana sheria ya jimbo inahitajika hata kama miji mikubwa imekwisha kujitungia.

Wakati huohuo, mfundishe kijana haki aliyo nayo sasa. Sheria ya Texas humtaka mwendesha baiskeli akae karibu na ukingo wa kulia, isipokuwa katika hali kadhaa, mojawapo ikiwa njia ya magari (yaani safu moja, si barabara nzima) yenye upana chini ya futi 14 isiyo na njia ya baiskeli kando yake. Hapo anaruhusiwa kukaa katikati ya safu hiyo, ili gari lisijaribu kujipenyeza ubavuni. Usiku awe na taa nyeupe mbele, na nyuma awe na kiakisi au taa nyekundu.

BabaWaNgoma

Nami ni mzazi wa bendi, binti yangu hupiga ngoma ya kwapa. Saa zinaporudishwa nyuma mapema Novemba, jua huzama kabla ya saa 12 jioni, na huo ndio wakati watoto wanapotoka mazoezini, kwa hiyo suala la taa si dogo.

Kuhusu pa kuanzia: uraia si sharti. Mkazi yeyote wa Texas anaweza kutuma maoni yake kwa kamati ya Baraza kupitia intaneti mswada unapopangiwa kusikilizwa. Kikao kijacho ni Januari 2027, na miswada huanza kupokelewa Novemba 2026. Mwandikie mwakilishi yuleyule aliyewasilisha azimio, umweleze kwamba mmoja wa watoto aliowapongeza ndiye huyu aliyeponea chupuchupu. Anaijua shule hiyo, na jina lake limo katika karatasi iliyotundikwa ukutani.

Tena watoto wa bendi wanaujua umbali kuliko madereva wengi. Uwanjani hupiga hatua 8 kwa kila yadi 5, yaani inchi 22.5 kwa hatua. Futi 3 hazifiki hata hatua mbili zao. Mtoto akisimama mbele ya kamati na kuzipiga hatua hizo mbili, kila mjumbe ataona kwa macho yake jinsi tunachokiomba kilivyo kidogo.

MamaNeema_Houston

Ahsanteni sana. Nimetazama ramani, na kweli nyumba yetu iko nje ya mpaka wa jiji, ilhali maktaba anayokwenda Jumamosi iko ndani. Kesho asubuhi na mapema, magari yakiwa bado machache, tutapima upana wa njia ya kwenda shule, yeye akihesabu hatua nami nikishika utepe, na barua kwa mwakilishi nitaiandika nikiwa na vipimo hivyo mkononi.